Miaka 40 ya kupima kisichoonekana

Ukimwuliza mkazi wa jiji la Arusha Njiro kuna nini, atakutajia nyumba za kifahari, nyama choma na viwanja vya Nanenane vya Themi. Ni nadra kumpata atakayekutajia maabara ambamo maziwa ya unga, majani ya chai au buni za kahawa hutiwa ndani ya kopo la plastiki, kopo likawekwa ndani ya kasha la risasi lenye kuta nene, mfuniko ukafungwa, kisha mtu akasubiri. Hakuna kinachopikwa humo wala kinachosagwa. Sampuli inasikilizwa tu. Ikiwa ndani yake mna atomu zinazotoa mionzi, kila moja itatoa sauti yake mara moja, na mashine itaiandika.

Kazi hiyo ni ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, ambayo wengi tunaiita TAEC. Mwaka 2023 Tume ilikuwa na sababu mbili za kukata keki. Miaka 40 ilitimia tangu Bunge lilipotunga Sheria Na. 5 ya 1983, sheria ya kinga ya mionzi, iliyozaa Tume ya Taifa ya Mionzi hapa Arusha. Miaka 20 ilitimia tangu Sheria Na. 7 ya 2003 ilipoigeuza tume hiyo kuwa Tume ya Nguvu za Atomu. Sheria ya kwanza ilimpa mlinzi rungu. Ya pili ilimwongezea jembe: awalinde watu dhidi ya mionzi, na papo hapo ahimize matumizi yake ya amani hospitalini, shambani na kiwandani.

Tahariri hii ni ya pongezi. Lakini pongezi zetu zina neno ndani yake, na neno hilo tumelichukua mbali kidogo, kwenye handaki lililochimbwa chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa. Tutafika huko. Kwanza tumpe mwenye sherehe haki yake.

Sheria ya 1983 ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu pale kinu cha Chernobyl kilipolipuka, tarehe 26 Aprili 1986. Tangu siku hiyo dunia ilianza kuuliza swali ambalo awali halikuwa likiulizwa sokoni wala bandarini: chakula hiki kina nini ndani yake? Nchi nyingi zililipokea swali hilo zikiwa hazina pa kulipeleka. Tanzania ilikuwa tayari na chombo cha kisheria cha kulijibu. Hadi leo Tume hupima vyakula vinavyoingia na vinavyotoka nchini, na cheti chake hufuatana na mzigo wa mfanyabiashara ambaye pengine hajawahi kufika Njiro.

Karibu na nyumbani kuna Minjingu, kule kwenye mwamba wa fosfati tunaosaga kuwa mbolea. Fosfati ile imetokana na mabaki ya viumbe wa ziwa la kale, wakiwamo ndege aina ya mnandi, ambao mifupa yao ilirundikana kwa karne nyingi na kunyonya urani iliyokuwamo majini. Mwaka 2000 wataalamu wa Tume walichapisha katika jarida la kimataifa vipimo vya mionzi ya asili katika machimbo hayo. Hawakupiga kelele za kutisha watu, wala hawakunyamaza ili kumpendeza mtu. Walipima, wakaandika, na walichoandika bado kinasomwa.

Nchi ilijiunga na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu, IAEA, mwaka 1976, na mavuno ya ushirikiano huo yanaonekana kisiwani Unguja. Huko mbung'o dume waliokuzwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi walimwagwa kutoka angani kwa mamilioni, wakawapanda majike bila kuzalisha. Mwaka 1997 Unguja ilitangazwa kuwa haina mbung'o. Mfugaji wa kule hahitaji kujua atomu ni nini. Anajua ng'ombe wake hawafi tena kwa ugonjwa wa nagana.

Hayo ndiyo ya kushangilia. Sasa tuisogelee mashine yenyewe, maana hapo ndipo lilipo neno letu.

Kila chakula kina mionzi kidogo. Mkungu wa ndizi uliokatwa asubuhi Tengeru, nje kidogo ya Arusha, una potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu yote duniani ni ya aina inayotoa mionzi. Mbele ya kigunduzi cha jemaniamu, kilichopozwa kwa naitrojeni ya kimiminika hadi nyuzi 196 chini ya sifuri, ndizi hiyo huacha alama mahali palepale siku zote, kwenye nishati ya kiloelektronivolti 1,461. Haimdhuru mtu. Wameru wamekula ndizi tangu enzi za mababu na Mlima Meru ukiwatazama. Lakini sesiamu 137, uchafu unaoachwa na mabomu na ajali za vinu vya nyuklia, huacha alama yake kwenye 662. Mtaalamu akiona kilima kimeinuka hapo katika grafu ya maziwa ya unga, anajua kwamba maziwa yale yamepitia jambo ambalo lebo haikulitaja.

Tofauti kati ya ndizi salama na maziwa ya kukataliwa ni namba mbili kwenye skrini, na namba hizo huletwa na elektroniki. Fuwele ya jemaniamu peke yake ni bubu. Mwali wa gama unapoipiga, kinachotoka ni mshtuko wa umeme mdogo mno. Kikuza huupokea mshtuko huo, huukuza na kuusawazisha, kisha chipu huugeuza kuwa namba. Fuwele inaweza kuwa na bei ya gari jipya, lakini kikuza kikiwa kimechoka, jibu litakalotoka litakuwa la kikuza.

Au mtazame mpiga picha wa eksirei katika hospitali yoyote ya wilaya. Kifuani amebandika beji ndogo ya plastiki. Ndani yake mna vipande vya lithiamu floraidi, vidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Havilii, havina taa, havina betri. Vinakusanya tu, siku baada ya siku. Baada ya miezi michache beji hupelekwa maabara, vipande vikapashwa moto hadi zaidi ya nyuzi 200, na kwa sekunde chache hutoa mwanga hafifu: deni lote la mionzi vilivyolibeba linalipwa kwa mkupuo. Mrija maalumu huunasa mwanga huo na kuugeuza umeme, umeme ukahesabiwa, hesabu ikaandikwa mbele ya jina la mtu. Kanuni za kimataifa zinataka mfanyakazi asipokee zaidi ya milisivati 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Afya ya mpiga picha yule ni mali, na daftari lake ndilo hilo.

Mirija ya aina hiyohiyo, inayogeuza mwanga hafifu kuwa umeme, ipo karibu 10,000 katika sehemu moja tu ya mtambo uitwao ATLAS, katika kituo cha CERN karibu na Geneva. Hapo ndipo tulipokuwa tunaelekea.

CERN nayo imekuwa na sherehe. Tarehe 29 Septemba 2024 ilitimiza miaka 70 tangu ilipoundwa na mataifa ya Ulaya yaliyokuwa yakijiokota kutoka vitani. Mashine yake kubwa ina mzingo wa kilomita 27. Ukiinyoosha kuanzia Mnara wa Saa hapa Arusha, itaipita Tengeru, iipite na Usa River. Ndani yake mafungu ya protoni huzungushwa karibu na kasi ya nuru, kisha hugonganishwa, na mitambo mikubwa kama ATLAS hutazama kinachotawanyika. Ndiko ilikotangazwa, tarehe 4 Julai 2012, chembe ya Higgs iliyokuwa imetafutwa kwa karibu nusu karne.

Taasisi yenye heshima hiyo ingeweza kukaa kivulini na kuhesabu medali. Badala yake inajiandaa kufumua vifaa vyake. Katika matengenezo makubwa yanayokuja, mashine itaongezewa ukali wa miale, na kwa mpango uliopo itawashwa tena karibu mwaka 2030, ili hatimaye ikusanye data mara kumi hivi ya ilizokusudiwa kukusanya hapo mwanzo. Tatizo ni kwamba vigunduzi vilivyoiona Higgs vitazidiwa na kazi mpya.

Ili kuelewa kwa nini, mchukue konda wa kifodi cha Tengeru siku ya soko. Abiria wakipanda mmoja mmoja, hesabu yake haikosei. Wakipanda wanne kwa mpigo, huyu na kuku, yule na mkungu wa ndizi, konda atakuwa bado anamtafutia wa kwanza chenji wakati wa tatu na wa nne wameshakaa. Jioni tajiri anauliza hesabu, nauli zimepungua, na konda hakuiba hata shilingi.

Mrija wa Geiger, ule unaotoa mlio katika vifaa vingi vya mkononi, ni konda wa namna hiyo. Kila ukigongwa na mwali mmoja huwa kipofu kwa sehemu moja hivi ya elfu kumi ya sekunde. Ukigongwa mara 100 kwa sekunde, utakosa moja, si neno. Ukigongwa mara 10,000 kwa sekunde, utaandika 5,000 hivi: nusu wamepanda bila nauli. Na mionzi ikizidi mno, mirija mingine ya zamani huzibwa kabisa na mshale kurudi kwenye sifuri. Mahali penye mionzi ya kuua, kifaa kinakwambia pita salama.

Kule ATLAS shida ni hiyohiyo, ila mwendo wake hauna mfano. Mafungu ya protoni hukutana mara milioni 40 kwa sekunde, yaani kila baada ya nanosekunde 25. Katika muda huo nuru yenyewe husafiri mita saba na nusu tu, na mtambo una urefu wa mita 46. Chembe za mkutano wa kwanza hazijafika ukingoni, mkutano wa pili umeshatokea, na wa tatu. Kati ya 2015 na 2018 kila mkutano ulikuwa na wastani wa migongano ya protoni zaidi ya 30. Baada ya matengenezo itakuwa kati ya 140 na 200 kwa wakati mmoja, na kila chembe inataka nauli yake ihesabiwe.

Haiwezekani kuhifadhi yote, kwa hiyo kuna bawabu wa kielektroniki anayeamua upesi tukio lipi lipite na lipi litupwe. Bawabu wa sasa anaruhusu matukio 100,000 kwa sekunde, na kila uamuzi anaufikia ndani ya mikrosekunde mbili na nusu. Bawabu mpya ataruhusu milioni moja na atapewa mikrosekunde 10 za kufikiri. Kwa hiyo kadi zote zinazopokea ishara lazima ziweze kuzishika kwa muda mrefu zaidi na kuzipeleka kwa wingi zaidi, tena zikiwa zimekaa mahali ambapo mionzi yenyewe hula chipu taratibu kama mchwa anavyokula boriti.

Msomaji, tazama basi kinachobadilishwa na kinachobaki. Kigunduzi chenye ile mirija 10,000 kimejengwa kwa chuma na vigae vya plastiki inayong'aa chembe inapoipitia. Chuma kitabaki. Vigae vitabaki. Mirija tisa katika kila kumi itabaki. Inayoondolewa ni ile iliyokaa penye mionzi mikali. Kinachong'olewa chote ni elektroniki: vikuza, vigeuzi vya namba, vyanzo vya umeme, na kompyuta zinazopokea ishara nje ya mtambo. Kwingineko, katika kiini cha ATLAS, hata kigunduzi chenyewe kinatolewa kizima na nafasi yake kuchukuliwa na silikoni yenye nukta zaidi ya bilioni 5. Walioujenga mtambo huo hawaoni aibu kusema kwamba kilichowapa ushindi jana hakitoshi kesho.

Wala asifikiri mtu kwamba kazi hiyo ni ya Wazungu peke yao. Vile vyanzo vya umeme vya kigunduzi cha vigae ni vifaa vidogo, zaidi ya elfu mbili kwa jumla, na karibu nusu yake ni mzigo wa Afrika Kusini chini ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Wanafunzi wa shahada wanachora saketi, viwanda vya huko vinalehemu, na kila kifaa kinachemshwa na kuteswa kwenye meza ya majaribio kabla hakijasafirishwa. Kisipokufa mezani, ndipo kinaaminiwa. Na Agosti 2016 Shule ya Fizikia ya Afrika, inayoungwa mkono na CERN miongoni mwa wengine, ilifanyika Kigali, mahali ambapo mtu wa Arusha anaweza kufika kwa basi.

Kuna watakaotuuliza: nchi ambayo zahanati zake hukosa dawa ina biashara gani na protoni? Swali ni halali. Jibu lake lina jina la Georges Charpak. Mwaka 1968, akiwa CERN, alibuni chemba yenye nyaya nyingi nyembamba ndani ya gesi, kila waya ukiwa na kikuza chake cha transista. Kabla yake wanafizikia walikuwa wakipiga picha na kuzikagua moja moja kwa macho; baada yake umeme ukaanza kuhesabu maelfu kwa sekunde. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1992, na kingine alichokifanya ni kuipeleka elimu ileile hospitalini, kutafuta picha za eksirei zinazompa mgonjwa mionzi kidogo zaidi. Fundi anayejua kuzinyamazisha kelele za kikuza cha ATLAS anajua pia kukitibu kikuza cha hospitali. Ni mkono uleule na chuma kilekile cha kulehemu.

Sasa turudi Njiro, kwa sababu hata hapa miale imeongezeka ukali. Mlinzi wetu alipozaliwa mwaka 1983, kwa wengi wetu kipimo cha CT kilikuwa jambo la kusikia redioni. Leo hospitali za rufaa za mikoa zinafungiwa CT-Scan. Tiba ya saratani kwa mionzi inatolewa Ocean Road jijini Dar es Salaam na Bugando jijini Mwanza. Wakandarasi wa barabara hutumia vipimo vyenye chanzo cha mionzi kujua kama kifusi kimeshindiliwa sawasawa. Viwanda hutumia mionzi kuona kama chupa imejaa. Mizigo inamulikwa mipakani. Huko Namtumbo kuna urani ya Mto Mkuju. Kila mashine mpya ni abiria mpya mlangoni, na konda ni yuleyule.

Tumeshuhudia wenyewe namna konda anavyozidiwa. Miaka michache iliyopita mmoja wetu alifuatana na fundi hadi katika hospitali ambayo hatutaitaja. Kabatini walikuta kifaa cha kupimia mionzi, zawadi ya mradi fulani, kibandiko cha mradi kikiwa bado king'avu. Betri zilikuwa zimevuja; ute wa kijani umeganda juu ya shaba. Fundi aliukwangua kwa kisu cha kukunja, akapuliza, akatia betri mpya. Kimya. Akakifungua. Waya mwembamba unaopeleka volti mia kadhaa kwenye mrija ulikuwa umelika karibu na mguu wake. Kuulehemu kulichukua muda mfupi kuliko muda wa kutafuta umeme wa kupashia chuma cha kulehemu. Kisha kikaanza: tik. Tik, tik. Tik.

"Fundi, kumbe humu mna mionzi?" aliuliza daktari aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Ipo kila mahali, daktari. Nyingine inatoka juu," fundi alijibu, akionyesha dari.

Alisema kweli. Mwanafizikia Victor Hess alipopanda kwa puto mwaka 1912 hadi zaidi ya mita 5,300, kimo kinachokipita kilele cha Meru na kutokifikia kile cha Kilimanjaro, aligundua kwamba mionzi huongezeka kadiri mtu anavyopanda, kwa sababu sehemu yake hutoka angani. Sisi wa miguuni mwa Meru tunaipokea kidogo zaidi kuliko ndugu zetu wa pwani, na mpanda mlima anayefika juu ya mita 4,560 anaipokea zaidi yetu. Huo ndio mlio aliousikia daktari.

Lakini mlio si kipimo. Kifaa kile kilichofufuliwa kwa kisu cha kukunja kilikuwa kinaongea tu. Hakuna aliyejua kama kinasema kweli. Kwa hilo lazima kipelekwe Njiro, kwenye maabara ya viwango vya dozi, kiwekwe mbele ya chanzo ambacho nguvu yake inajulikana, kwa mnyororo wa ulinganisho unaofika hadi maabara za IAEA huko Seibersdorf, Austria. Hiyo ni kazi ya Tume ambayo haijawahi kupigiwa ngoma na mtu yeyote, na kwa maoni yetu ndiyo nguzo ya kazi nyingine zote. Tume ikikosea hapo, vifaa vyote nchini vitakosea kwa adabu na kwa pamoja.

Kwa hiyo neno letu la jubilei ni hili: mwili wa Tume unatosha. Sheria ipo, majengo yapo, maabara changamano ya Njiro imesimama, na jina limejengeka kwa miaka 40. Kinachotakiwa kufumuliwa na kusukwa upya ni mishipa ya fahamu, yaani elektroniki ya kupimia na mikono ya watu wanaoielewa. Tuna mambo matatu ya kupendekeza.

La kwanza ni bajeti. Serikali na wafadhili hupenda kununua mashine nzima, kwa sababu mashine nzima hukatiwa utepe. Hakuna waziri aliyewahi kukata utepe mbele ya kapasita. Tunaomba kila ununuzi wa kifaa cha mionzi uambatane na fungu la vipuri, michoro ya saketi zake, na haki ya fundi wetu kukifungua. Mtumai cha nduguye hufa maskini. Anayemsubiri mhandisi wa ng'ambo aje kubadili fyuzi hufa akiwa na mashine ya thamani kubwa.

La pili ni ujirani. Arusha ina bahati ambayo miji michache ya Afrika Mashariki inayo. Tengeru kuna Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2012, ambako vijana wa nchi mbalimbali husomea mifumo ya kompyuta ndogo zinazopachikwa ndani ya vifaa. Mjini kuna Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978, kinachofundisha umeme, elektroniki na ufundi wa vifaa tiba. Njiro kuna Tume. Kifodi kimoja na bodaboda moja vinatosha kuzungukia taasisi zote tatu kabla ya chakula cha mchana. Kwa nini mwanafunzi wa Tengeru atengeneze, kwa mradi wake wa mwisho, kifaa cha kuwasha taa ya sebuleni, wakati Njiro wanahitaji kadi ya kuhesabu mishtuko ya umeme? Kwa nini mwanafunzi wa Chuo cha Ufundi asilehemu ubao wa kikuza badala ya ubao wa mazoezi utakaotupwa? Witwatersrand haikuanza kwa kujenga ATLAS. Ilianza kwa kukubali kutengeneza kipande kimoja na kukitengeneza vizuri.

La tatu ni heshima. Nafasi za masomo ya nje, iwe Trieste, Cape Town au Geneva, huwaendea wanafizikia wenye shahada za juu, na hilo ni jema. Ila orodha ya safari ikikosa jina la fundi wa meza, imekosa nusu ya maana yake. Katika mitambo ya CERN wahandisi na mafundi hufanya kazi pamoja na maprofesa, kwa sababu wote wanajua kwamba chembe ya Higgs ilipita kwanza kwenye mikono iliyolehemu.

Tunawapongeza waliopo Tume leo. Tunawapongeza zaidi waliostaafu, ambao majina yao hayajaandikwa ukutani: waliosoma beji za wapiga picha wa eksirei katika miaka ya uhaba, wakazisoma tena pale umeme ulipokatika katikati ya kazi, na wakakataa kuandika namba wasiyoiamini. Mpiga picha wa hospitali ya wilaya aliyefikia kustaafu na afya yake hajui kuwa wanamdai shukrani. Sisi tunazitoa kwa niaba yake.

Keki ya jubilei huliwa siku moja na kwisha. Kifaa kitakachopimwa usahihi wake Njiro mwaka huu kitatakiwa kurudi kupimwa mwakani, na mwaka utakaofuata, na lazima pawe na fundi wa kukipokea.